Mhuri wa mtaa na shoka za Roma

Mkazi wa Charambe anayetaka kumdhamini ndugu yake polisi ataulizwa kwanza barua ya serikali ya mtaa. Mhuri anao mtendaji wa mtaa. Juu yake yupo mtendaji wa kata, kisha afisa tarafa wa Mbagala, kisha Mkuu wa Wilaya ya Temeke, na juu kabisa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, ambaye hata gari lake hupeperusha bendera.

Warumi nao walijua kuonyesha cheo barabarani. Prokonsuli, yaani gavana aliyepangiwa jimbo la Asia au Afrika, alitanguliwa na wapambe 12, kila mmoja na fungu lake la fito na shoka. Liwali aliyeteuliwa na Kaisari mwenyewe, kama yule wa Siria, alikuwa na wapambe 5 tu. Msafara mdogo, lakini majeshi yalikuwa kwake! Chini zaidi walikuwapo wakuu wa majimbo madogo, akiwamo Pilato wa Uyahudi. Wasamaria walipochoshwa na ukatili wake walipanda ngazi hadi kwa Vitellius, liwali wa Siria, naye akamwondoa na kumpeleka Roma akajieleze.

Sisi ngazi zetu tumerithi na kuzipaka rangi upya. Mjerumani alitawala kupitia maliwali, maakida na majumbe. Mwingereza akaleta makamishna wa majimbo. Mwaka 1962 nafasi zao zikashikwa na wakuu wa mikoa, wanasiasa walioteuliwa.

Shoka, yaani nguvu ya kuadhibu, halikuondoka lote. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Wilaya pia, kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Sheria hiyo inadai sababu ya msingi, kwa mfano hatari kwa amani, na muda ukiisha bila kufikishwa mahakamani mtu huyo aachiwe. Kwa maoni yangu, mamlaka hayo ni makubwa mno kwa mtu ambaye hakupigiwa kura.

Maana huko Mbagala wanaopigiwa kura ni mwenyekiti wa mtaa, aliyechaguliwa Novemba 27, 2024, na diwani. Hao hawawezi kumweka mtu ndani, na wakiboronga wananchi huwasubiri kwenye sanduku la kura. Wakuu wa wilaya na mkoa huteuliwa na Rais, na ni Rais anayewaondoa. Aliyeonewa nao anaweza kwenda mahakamani, akipata wakili na nauli.