Giga 2.6 juu ya meza moja: hesabu ya kuhamisha picha bila waya Ntimaru

Picha 400 zilizopigwa harusini kwa kamera ya megapikseli 18 zina uzito wa takriban giga 2.6. Picha 650 za simu ya megapikseli 12 zina uzito uo huo. Mzigo huu ukitoka kwenye kifaa kilicho mkononi kwenda kwenye kompyuta iliyo mbele yako, safari yake inaweza kumalizika kwa dakika 11 au kwa saa tatu na nusu. Inaweza pia kuwa ya bure kabisa, au ikala shilingi 520 za bando. Umbali haubadiliki, kinachobadilika ni njia uliyochagua.

Katika mji kama Ntimaru, Kuria Mashariki, hesabu hii inagusa mapato ya kila siku. Studio ya kawaida hapa hupiga picha za pasipoti, husafisha picha za wateja zilizo kwenye simu, huchapisha picha za fomu za bursari na za kazi, na Desemba hushughulikia harusi na sherehe za watu waliorudi nyumbani. Faida ya picha moja ni ndogo. Muda na bando vikipotea, ndivyo vinavyoila.

Namba ya kwenye boksi na kasi ya mezani

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kasi ya mtandao huandikwa kwa megabiti, lakini picha hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiambiwa megabiti 72 kwa sekunde, gawanya kwa nane: unabaki na megabaiti tisa. Hata hizo tisa huzipati zote, kwa sababu sehemu ya mawimbi hutumika kwa vifaa kuulizana na kujibizana. Kwa makadirio salama, chukua nusu.

Simu nyingi za bei nafuu zina antena moja ya Wi-Fi kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kikomo chake ni hizo megabiti 72, hata kama boksi la ruta limeandikwa 300. Mkononi unapata takriban megabaiti nne kwa sekunde. Bluetooth iko chini zaidi: kikomo cha kawaida ni megabiti tatu, na kwa kazi halisi hutoa takriban megabaiti 0.2 kwa sekunde. Kwa upande wa intaneti, tuchukulie laini inapandisha megabiti tano kwa sekunde na kushusha 15.

Tukiupitisha mzigo wetu wa giga 2.6 kwenye njia hizo, tunapata hivi:

- Bluetooth: saa 3 na dakika 36, shilingi 0.
- Intaneti, kupandisha kisha kushusha: saa 1 na dakika 32, giga 5.2 za bando.
- Wi-Fi ya vifaa viwili bila intaneti: dakika 11, shilingi 0.
- Waya wa USB kwa megabaiti 20 kwa sekunde: dakika 2 na sekunde 10, shilingi 0.
- Kadi ya kamera kwenye kisoma kadi cha USB 3, kwa megabaiti 80 kwa sekunde: sekunde 33, shilingi 0.

Angalia mstari wa pili. Intaneti hutoza mara mbili, picha inapopanda kutoka kwenye simu na inaposhuka kwenye kompyuta. Bando ya giga moja ikiwa shilingi 100, giga 5.2 ni shilingi 520. Kwa pesa hizo, picha zimekwenda hadi kwenye seva za mbali na kurudi kwenye meza ile ile. Sherehe nne katika mwezi mmoja hufikisha shilingi 2,080.

Senti za kila siku

Hasara isiyoonekana haraka ni ile ya wateja wa kawaida. Tuchukue wateja 20 kwa siku, kila mmoja na picha tano za megabaiti nne, yaani megabaiti 20 kwa mtu. Zikipitia intaneti, mteja anatumia megabaiti 20 kupandisha na studio 20 kushusha. Kwa siku ni megabaiti 800, sawa na shilingi 80. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,080 tena: 1,040 zinatoka mfukoni mwa studio na 1,040 mifukoni mwa wateja. Mteja aliyeishiwa na bando hawezi hata kuanza, na huenda akaondoka.

Bluetooth haina gharama ya bando, lakini kila mteja anangoja sekunde 100. Wateja 20 ni dakika 33 za foleni. Wi-Fi ya karibu huhamisha picha hizo tano kwa sekunde tano. Ongeza sekunde 30 za kuunganisha, na wote 20 wanamaliza kwa chini ya dakika 12. Kwa picha moja tu, kuunganisha kunachukua muda mrefu kuliko kutuma, hivyo Bluetooth bado ina kazi yake.

Hotspoti isiyokula bando

Wengi hudhani hotspoti ni intaneti. Hotspoti ni mtandao mdogo wa redio kati ya simu na kompyuta. Intaneti ni kitu cha ziada kinachopita juu yake ukiruhusu. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima data, ukawasha hotspoti, kompyuta ikajiunga, na picha zikapita bila laini ya simu kuguswa.

Mpangilio wa hatua hizo una maana yake. Ukiwasha hotspoti data ikiwa bado imewashwa, kompyuta ya Windows huona imepata intaneti na inaweza kuanza kupakua masasisho yake. Sasisho moja linaweza kumeza mamia ya megabaiti. Kwa hiyo zima data kwanza, hotspoti baadaye. Kwenye kompyuta, uweke pia mtandao huo kwenye orodha ya mitandao inayolipiwa kwa kipimo, ili Windows ijizuie.

Kwa upande wa programu, Quick Share ya Google ndiyo rahisi kwa mteja wa Android, kwa kuwa tayari imo ndani ya simu nyingi. Ilianza mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share, ikapata toleo la Windows mwaka 2023, na ikachukua jina la sasa Januari 2024. Studio inaiweka kwenye kompyuta mara moja tu. LocalSend pia ni ya bure, haina matangazo, na hufanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows na Linux, ilimradi vifaa vyote viwe kwenye Wi-Fi moja.

Kwa Ntimaru, njia hii ina faida nyingine. Mji uko karibu na mpaka wa Tanzania, na simu iliyo karibu na mpaka inaweza kunasa mnara wa upande wa pili na kutozwa bei ya ugenini. Picha inayopita kwenye Wi-Fi ya chumbani haihitaji mnara wowote. Mtandao wa simu ukipotea, kazi inaendelea.

Je, ununue ruta? Tuseme inauzwa shilingi 2,500. Kwa upande wa studio peke yake, akiba ni shilingi 40 kwa siku, hivyo ruta inajilipa baada ya siku 63 za kazi. Ukihesabu na akiba ya wateja ni siku 32. Stima yake ni ndogo: wati tano kwa saa kumi ni uniti 0.05, na uniti ikiwa shilingi 30 hiyo ni shilingi moja na nusu. Lakini ukiinunua, iunganishe na kompyuta kwa waya. Simu na kompyuta zote zikitumia Wi-Fi ya ruta, kila picha hurushwa hewani mara mbili, kutoka simu hadi ruta kisha ruta hadi kompyuta, na kasi hukatika karibu nusu. Mwenye wateja wachache abaki na hotspoti ya simu.

Kamera: usilazimishe Wi-Fi

Canon EOS 1300D ya mwaka 2016 ina Wi-Fi. Iliyoitangulia, 1200D, haina, ingawa zote mbili ni za megapikseli 18. Anayenunua kamera iliyotumika na aangalie namba hiyo. Hata hivyo, Wi-Fi ya kamera huwa ya polepole. Tukichukulia megabaiti 1.5 kwa sekunde, mzigo wa harusi unahitaji dakika 29, huku betri ikiliwa. Kisoma kadi kinaumaliza kwa sekunde 33.

Wi-Fi ya kamera inafaa pale picha chache zinapotakiwa haraka: bibi harusi anataka picha kumi kabla ya wageni kuondoka. Hizo ni megabaiti 65, sekunde 43. Picha zilizobaki, chomoa kadi.

Bei isiyolipwa kwa shilingi

WhatsApp ndiyo njia inayotumiwa zaidi, na kwa picha ndogo inatosha. Ikitumwa kwa kawaida, picha hubanwa hadi upande wake mrefu kuwa na takriban pikseli 1,600. Kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6, hizo ni pikseli 267 kwa kila inchi, karibu na 300 zinazotakiwa kwa uchapishaji mzuri. Kwa A4 zinashuka hadi 137. Kwa A3, ukubwa unaopendwa kwa picha ya marehemu ya kuwekwa mbele ya waombolezaji, zinabaki 97, na uso unatoka na ukungu. Picha ya simu ile ile ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 upande mrefu, na kwenye A3 inatoa 242.

Familia haina nafasi ya kuipiga picha hiyo upya, kwa hiyo studio ina wajibu wa kuomba picha halisi. Kama mwenye picha yuko Nairobi au Muscat, imwambie aitume kama hati badala ya picha. WhatsApp haibani hati, na megabaiti nne kwenda na nne kurudi ni senti 80 tu.

Hifadhi ya mtandaoni nayo ina kikomo. Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo bure tarehe 1 Juni 2021. Sasa ni giga 15 kwa akaunti, na sherehe sita za giga 2.6 zinazidi hapo.

Picha ni mali ya mtu

Waya una kasi, lakini simu ya mteja ikichomekwa na kufunguliwa, kompyuta huona picha zake zote, hata zile ambazo hakukusudia mtu azione. Kwa Quick Share, mteja huchagua mwenyewe picha tano na kutuma hizo tano. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitambua picha ya mtu kama taarifa zake binafsi. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kazi ikikamilika, futa picha za mteja, au muulize kama anataka zihifadhiwe.

Uamuzi

Picha moja au mbili, Bluetooth inatosha. Kuanzia picha tatu hadi giga moja, tumia Wi-Fi ya karibu huku data ikiwa imezimwa. Mzigo unaozidi giga moja, tumia kisoma kadi au waya. Intaneti iachiwe picha inayokwenda kwa mtu aliye mbali.

Kwa mfano wetu, studio na wateja wake kwa pamoja wanaokoa shilingi 4,160 katika mwezi wenye sherehe nne, bila kununua kifaa chochote. Kinachohitajika ni kuweka programu moja ya bure kwenye kompyuta, na kukumbuka kuzima data kabla ya kuwasha hotspoti.