KANSA YA TITI KATIKA UKOO: TUULIZE, TUANDIKE



Je, kansa ya titi, ambayo pia huitwa saratani, ni ugonjwa wa akina mama wazee tu? Hapana. Hapa Afrika wengi huugua kabla ya kufika miaka 50. Wengine bado wananyonyesha.

Mama akifa kwa uvimbe wa titi, halafu binti yake naye akapata uvimbe, maneno huanza kijijini: "Ukoo ule umerogwa." Fedha zinakwenda kwa wapiga ramli, na uvimbe unazidi kukua. Leo tutaeleza sababu moja ya kweli ya ugonjwa huu kufuatana katika ukoo. Tutaeleza pia kazi ambayo kila aliyehitimu kisomo anaweza kuifanya.

MAANDISHI NDANI YA MWILI

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe moja hugawanyika, zikawa mbili. Ndani ya kila chembe kuna maagizo ya kuujenga mwili. Fungu moja la maagizo hayo huitwa jeni.

Maagizo hayo ni kama maandishi. Kila chembe inapogawanyika, yananakiliwa upya. Sisi wenyewe tunajua: ukinakili barua ndefu, hukosi kukosea herufi. Mwili nao hukosea. Lakini zipo jeni zinazosaidia kusahihisha makosa, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mbili kati yake huitwa BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mtaalamu Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali ilipo ile ya kwanza. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na ya pili mwaka 1995.

KWA NINI WENGINE HUUGUA MAPEMA?

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni hiyo. Moja ametoa kwa baba, nyingine kwa mama. Ni kama nyumba yenye majembe mawili. Likivunjika moja, kazi inaendelea kwa lile la pili.

Basi, wapo wanaozaliwa jembe moja likiwa limeshavunjika. La pili likivunjika katika chembe ya titi, makosa hayasahihishwi vizuri tena. Yanarundikana. Mwishowe chembe inaweza kuzaana ovyo, nayo ndiyo kansa. Watu hawa huugua wakiwa vijana kwa sababu walianza msimu na jembe moja.

Katika wanawake 100 wenye kasoro hiyo, kama 70 hupata kansa ya titi kabla ya kufika miaka 80. Wengine 30 hawapati. Kwa hiyo urithi si hukumu ya kifo.

Mwaka 2018 ulitolewa utafiti kutoka Nigeria. Wanawake 1,136 wenye kansa ya titi walipimwa. Kati yao 167 walikuwa na kasoro katika jeni za namna hii, yaani kama 15 katika kila 100. Wale wengine hawakuonekana nayo. Kwa hiyo hata yule ambaye ukoo wake hauna mgonjwa, akiona uvimbe asikae.

URITHI HUTOKA HATA KWA BABA

Wengi wetu tunadhani mambo ya titi hutoka kwa mama tu. Si kweli. Tazama shambani. Ukipanda mahindi meupe karibu na ya njano ya jirani, unavuna gunzi lenye punje za rangi mbili. Ile njano imetoka wapi? Imeletwa na upepo kutoka ua la dume la jirani.

Baba mwenye kasoro hii anaweza kuwa mzima kabisa, lakini akampa mtoto wake. Kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Kwa hiyo ugonjwa wa shangazi na wa bibi mzaa baba una maana sawa na ule wa mama mkubwa. Na mume asimlaumu mke peke yake.

TUSHIKE KALAMU

Kipimo cha kusoma jeni hizi hakipo katika zahanati zetu. Lakini daftari tunalo. Hebu tufanye hivi:

1. Tuwaulize wazee wa pande zote mbili. Shangazi aliyeolewa Makambako aliugua nini? Huenda walioko Mawengi hawana habari.
2. Tuandike nani aliugua kansa ya titi au ya mfuko wa mayai, na alikuwa na umri gani. Mwanamume mwenye kansa ya titi naye aandikwe.
3. Tumwonyeshe mganga wa zahanati daftari hilo, naye atushauri tuanze kupimwa lini.

Wengine wanaogopa kwamba binti zao hawataolewa. Daftari si la kusoma barazani. Ni la nyumbani na la mganga.

DALILI

Uvimbe katika titi au kwapani, hata usiouma. Ngozi kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Uvimbe mwingi si kansa, lakini ni mganga wa kuthibitisha, si jirani. Ukiambiwa, "Wewe bado kijana, ni maziwa tu," na wiki mbili zikapita uvimbe upo, rudi tena. Sema, "Katika ukoo wetu ugonjwa huu upo." Omba barua ya kwenda hospitali, kama Lugarawa, Ludewa au Njombe. Kutoka huko mgonjwa anaweza kupelekwa Mbeya, au Ocean Road, Dar es Salaam, wanakotibu kansa kwa dawa na mionzi. Uvimbe mdogo hutibika vizuri kuliko mkubwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tuulize pia upande wa baba?
2. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowachelewesha akina mama kwenda hospitali?
3. Akina baba watasaidiaje?