Sura ya 5: Asilimia 15 ya Nini?

Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi, Munua: popote utakapokaa na watu wa komini ya Annexe, Lubumbashi, mkaanza kuzungumzia madini, haitapita nusu saa kabla mtu hajasema kwamba sheria imewapa wenyeji asilimia 15 na hawajaiona. Nimeisikia kauli hiyo kwa wakulima wa mahindi, kwa wauza makaa, kwa walimu na hata kwa watu wa mashirika ambao kazi yao ni kuwafundisha wengine sheria. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kosa, na kosa hilo linawafaa sana wale wasiotaka kuulizwa, kwa sababu anayedai kitu kisichokuwepo hujibiwa kwa urahisi.

Basi tuhesabu. Kanuni ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji alipe mrabaha. Kwa shaba mrabaha ni asilimia 3.5 ya thamani ghafi ya madini yanayouzwa. Kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni asilimia 10. Huo mrabaha ndio unaogawanywa: nusu huenda serikali kuu, asilimia 25 mkoani, asilimia 15 kwa komini, sekta au uchifu ambao mgodi umo ndani yake, na asilimia 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 yenu, kwa hiyo, ni sehemu ya mrabaha. Si sehemu ya shaba.

Mgodi ukiuza shaba ya dola milioni 100, mrabaha ni dola milioni 3.5, na fungu la komini ni dola 525,000. Anayedhani ni asilimia 15 ya mauzo anangoja dola milioni 15, na asipoziona anaamini zimeibwa zote. Zikiwa zimefika 525,000 na zikapotea 300,000, hataujua wizi halisi, maana macho yake yako kwenye milioni ambazo hazikuwahi kuwepo. Mauzo hayohayo yakiwa ya kobalti, mrabaha ni dola milioni 10 na fungu la komini ni milioni 1.5. Ndiyo maana kabla ya kuuliza "wamelipa ngapi?" inafaa kuuliza "wameuza nini?"

Jambo jingine huchanganywa na hili kila mara, hata redioni. Nalo ni asilimia 0.3. Hii haihusiani na mrabaha. Ni mchango wa lazima wa kampuni kwa miradi ya jamii zinazoguswa na mgodi, nao hukokotolewa kwenye mauzo ya mwaka. Kwa mgodi wetu wa dola milioni 100, ni dola 300,000. Haupiti kwa bugumesta, mkuu wa komini. Unasimamiwa na chombo maalumu chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii zenyewe. Kuna pia kitu cha tatu, daftari la majukumu, ambamo kampuni na wenyeji huandikiana itajengwa nini, wapi na lini. Mifuko miwili na daftari moja, na kila kimoja kina mlango wake. Anayekwenda komini kudai asilimia 0.3, au anayekwenda kampuni kudai asilimia 15 ambayo imeshalipwa kwenye akaunti ya komini, atarudishwa nyumbani, na atakayemrudisha hatakuwa amesema uongo.

Annexe ina ugumu wake wa pekee. Komini nyingine sita za Lubumbashi zina umbo la mji; Annexe ni mkanda unaouzunguka mji, wenye vijiji vya Balamba vilivyomezwa na viwanja vipya vya nyumba, mashamba, uwanja wa ndege wa Luano na kampasi ya Kasapa. Ukivuka mpaka wake upande wa kusini umeingia ardhi ya uchifu wa Kaponda, katika teritware ya Kipushi. Sheria inalipa komini, sekta au uchifu. Mtaa hauna akaunti, kijiji hakina, teritware haina. Kwa hiyo mpaka ambao mkulima anauona kama kijia cha kwenda mtoni ndio unaoamua fungu zima la mrabaha liende ofisi ipi. Jamii inayolala mita mia tatu kutoka kwenye shimo inaweza ikapata vumbi lote isipate senti, kwa sababu shimo liko ng'ambo ya kijia. Wazee wa pale wanaijua mipaka hiyo kuliko ramani yoyote, na ningependa waitwe kuishuhudia kwa maandishi kabla mgodi haujafunguliwa, si wakati kesi imeshafika mahakamani.

Hoja ninayoipinga kwa moyo wote ni ile inayosema kwamba haya yote ni makaratasi, na kwamba tungerudishiwa tu kampuni kama ile ya zamani. Watu wa Lubumbashi walisema kazi ni baba, kazi ni mama. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines iliyoirithi, ziliwapa wafanyakazi posho ya unga, nyumba, shule, hospitali, hata mpira wa miguu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya familia hizo, na katika jina la kitabu aliwaita wana Shaba walioachwa na baba yao. Waliachwa kweli. Gécamines ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 haikufika tani 50,000. Shule na hospitali zilikuwa gharama ndani ya daftari la kampuni, kwa hiyo zilianguka siku ileile shaba ilipoanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari.

Tena baba huyo hakuwa baba wa kila mtu. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka mbali, kutoka Kasai, Lomami, Rwanda na Urundi. Vijiji vya Balamba vilivyokuwa pembezoni mwa mji vilitoa miti ya tanuru na chakula cha sokoni, na havikuwemo kwenye orodha ya posho. Anayewaambia wazawa wa Annexe kwamba watarudishiwa enzi ya Gécamines anawaahidi kitu ambacho babu zao walikitazama kwa mbali.

Inupiat wa kaskazini-magharibi mwa Alaska walichagua njia tofauti. Ardhi yenye zinki ya Red Dog ni mali ya shirika lao wenyewe, NANA. Walipoandikiana na kampuni ya Cominco mwaka 1982 hawakuomba kulelewa. Waliandika fungu linaloanza dogo wakati kampuni inarudisha mtaji wake, kisha asilimia 25 ya mapato halisi, ikipanda kwa asilimia 5 kila miaka mitano hadi nusu kwa nusu. Kongo haiwezi kuinakili njia hiyo kama ilivyo, kwa kuwa hapa udongo na kilicho chini yake ni mali ya Serikali. Lakini kanuni ya fungu linalokua kadiri mgodi unavyozeeka inaweza kuandikwa hata kwenye daftari la majukumu la Kasungami.

Kuhusu ajira nitasema machache. Mgodi wa kisasa ni mitambo. Vijana wachache wa jirani watapata kazi, wengi wao za ulinzi na usafi, na siku shimo likifungwa watazipoteza. Semina za ujasiriamali za siku mbili, zenye fulana na cheti, hazibadilishi hesabu hiyo.

Na kuhusu mizimu, kwa kuwa nitaulizwa. Chifu anapomwaga unga na kuwataja wahenga kabla ya shimo kuchimbwa, hiyo ni heshima ya ardhi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wanaosema shaba "imekimbia" kwa sababu mwanamke ameingia shimoni. Shaba haina miguu. Juu, ambapo maji ya mvua na hewa vimeifikia, iko kama malakiti ya kijani ambayo mchimbaji huitoa kwa sururu. Ukishuka hadi usawa wa maji, madini hubadilika yakawa salfidi ngumu, na mara nyingi tabaka lenyewe limekatwa na ufa wa miamba. Mchimbaji amefika mwisho wa kile mkono unachoweza, basi. Imani hiyo imewanyima wanawake wa hapa riziki na nafasi ya kuzungumza kwenye vikao, wakati wao ndio wanaochota maji na kulima mboga, yaani ndio wanaojua mgodi umeharibu nini.

Hapa ndipo nilipokusudia kueleza jinsi bajeti ya komini inavyopangwa. Lakini siwezi kupita kwenye mboga bila kusimama Penga-Penga, kwa sababu Penga-Penga inaeleza neno "kudumu" kuliko bajeti yoyote.

Tanuru la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911. Kwa miongo mingi bomba lake lilitoa moshi wenye salfa na vumbi la metali, na upepo wa hapa mara nyingi huvuma kutoka kusini-mashariki. Moshi ukaelekea kaskazini-magharibi, ukatua kwa umbo la pembe inayopanuka. Salfa ilipokutana na mvua ikawa asidi. Asidi iliifanya shaba iliyotua iyeyuke na kuingia kwenye mizizi. Miti ya miombo ikafa, kisha majani, kisha mvua ikachukua udongo wa juu. Simama leo Penga-Penga, ndani ya pembe hiyo, uchote udongo usiopandwa kitu kwa kiganja: ni mgumu, mwekundu, hauna mzizi hata mmoja. Shaba si kinyesi wala jani, haiozi. Hakuna msimu wa mvua utakaoimaliza.

Na wale wanaouza habari kwamba kuna mimea ya kupanda inayonyonya sumu yote, nawaomba waache. Katanga tuna maua yanayopenda shaba kweli. Haumaniastrum katangense huota mahali penye shaba nyingi kiasi kwamba wataalamu wa mambo ya kale wameutumia kutambua tanuru za wayeyushaji wa zamani, wale waliotengeneza misalaba ya shaba iitwayo handa. Fikiria hilo: fundi aliyeyusha shaba karne kadhaa zilizopita, jina lake limesahauliwa, na udongo wake bado unachagua nini kiote. Ilidhaniwa kwamba ua hilo hujaza shaba ndani ya majani yake. Baadaye watafiti walionyesha kwamba vipimo vingi vya zamani vilihesabu pia vumbi lililoganda juu ya jani. Mmea unavumilia. Hauli.

Kilichofanya kazi ni cha unyenyekevu zaidi. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Mylor Ngoy Shutcha na Michel Mpundu Mubemba wakiwa miongoni mwao, walichanganya chokaa na mboji kwenye udongo wa Penga-Penga, wakapanda nyasi za asili za vilima vya shaba. Chokaa hupunguza asidi, shaba ikashikwa na udongo badala ya kuelea kwenye maji yake. Mboji nayo huishika. Nyasi fupi kama Microchloa kunthii zikashika mizizi. Shaba haikuondoka, imefungwa tu, na pale nyasi ziliposhika vumbi halipeperuki tena kuelekea kwenye sahani za watu. Vumbi hilo si la kudharau: mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga, na waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, watoto wakiwazidi watu wazima.

Chokaa, mboji, mbegu ya nyasi, na vibarua wa kuzipanda. Hakuna kimoja kinachotoka ng'ambo. Hata hivyo daftari za majukumu hujaa ofisi za machifu, visima na mabati, na ni nadra kukuta mstari wa udongo. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji ya bwawa la kiwanda cha kampuni ya madini ya CDM yalipoingia mitaani Annexe, Wizara ya Madini ilikisimamisha kiwanda kwa miezi mitatu. Kusimamisha ni sawa. Lakini fidia ya shamba hudaiwa kwa kulinganisha, na mkulima asiye na kipimo cha jana ataambiwa kwamba udongo wa Katanga una shaba kwa asili yake. Ni kweli una shaba. Ndiyo maana kipimo cha jana kinahitajika.

Madiwani wa komini katika miji mikuu ya mikoa walichaguliwa Desemba 2023, mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Kwa hiyo yupo wa kuulizwa. Mrabaha wa komini, kisheria, ni kwa miundombinu ya msingi ya jamii, si kwa mishahara wala magari ya ofisi. Mkazi wa Annexe anayekwenda kikaoni aende na mambo haya: kila kampuni imeuza nini mwaka jana na kwa thamani gani, fungu la komini liliingia lini kwenye akaunti, na dhamana ya kukarabati mazingira ambayo kampuni inatakiwa kuiweka imefikia kiasi gani. Na kabla ya sahihi ya daftari lijalo la majukumu, udongo na maji ya visima vipimwe kwa gharama ya kampuni, matokeo yabandikwe kwenye mlango wa komini, na nakala moja ikae kwa kina mama wanaolima.