Wasioona katika Usharika: Sadaka au Mafunzo?

Katika Marko 10:46–52 twasoma habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia akiomba. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Swali hilo ni msingi wa udiakonia kwa wasioona, kwa maana mara nyingi sisi hutoa sadaka kabla ya kuuliza.

Huduma hizi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni elimu ya mtoto asiyeona. Ya pili ni utengamao wa mtu mzima aliyepoteza kuona, kwa mfano kwa sababu ya glakoma, yaani presha ya macho. Huyu alikuwa na kazi, jamaa na nafasi yake kanisani; yampasa kujifunza upya kutembea, kusoma, kupika na kutambua fedha, ili arudi katika shughuli zake.

Ufunguo wa elimu ni maandishi ya nukta nundu. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, aliyachapisha mwaka 1829. Nukta 6, zikipangwa kwa namna mbalimbali, hutoa alama 63 zinazosomwa kwa ncha za vidole. Anayeandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea huanzia kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomwe kutoka kushoto. Kanisa halikuwa nyuma katika kazi hii: Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, mwaka 1946, na KKKT imekuwa na shule ya Irente, Lushoto, tangu miaka ya 1960.

Katika utengamao, fimbo nyeupe hutangulia. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha ya fimbo hugusa ardhi upande wa kushoto, mahali utakapokanyaga mguu unaofuata. Anayeongozwa na mwenzake humshika mkono juu kidogo ya kiwiko, akimfuata kwa nusu hatua. Hasukumwi wala haburutwi. Walawi 19:14 yakataza kumwekea kipofu kikwazo. Basi, benchi lililoachwa njiani na mtaro usiofunikwa uani mwa kanisa ni mambo ya utii, si ya usafi tu.

Hapa neno la mchungaji lina uzito mkubwa. Maombi ya uponyaji ni sehemu ya utume wetu. Lakini mgonjwa akiombewa mara kwa mara bila kuelekezwa hospitali, hasara yaweza kuwa ya kudumu: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, bali uoni uliopotezwa na glakoma haurudishwi na tiba, ingawa uliosalia waweza kuhifadhiwa. Tena, akiambiwa kwamba imani yake ni haba, atajificha nyumbani na mafunzo hayatamfikia. Yohana 9:3 yaondoa hukumu ya namna hiyo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 huyahesabu mambo haya kuwa haki, wala si hisani. Kwa hiyo yatupasa kujua katika kila usharika ni nani asiyeona, kumwuliza haja yake, kumfikisha kwa tabibu na kwa walimu, kisha kumpa kazi katika ibada. Msharika asomaye Injili kwa vidole mbele ya kusanyiko hapokei huduma tu. Yeye naye anahudumu.