Je, Wajua? Kambi za Nanyuki na Magonjwa ya Zinaa

Nanyuki, mji ulio kaskazini mwa Nyeri, una kambi ya Jeshi la Anga la Kenya na kituo cha mafunzo cha jeshi la Uingereza. Kuhusu wanajeshi kwa jumla, UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, ilikadiria mwaka 1998 kwamba duniani, hata wakati wa amani, magonjwa ya zinaa, yaani yanayoambukizwa kwa kujamiiana, huwapata wanajeshi mara 2 hadi 5 zaidi kuliko raia, kwa kuwa wengi wao ni vijana wenye mshahara wa uhakika wanaoishi mbali na jamaa zao. Kidonda cha kaswende, mojawapo ya magonjwa hayo, hakiumi na hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini, na kikiwapo huvifungulia njia virusi vya UKIMWI. Anayehofia kuambukizwa virusi hivyo huanzishiwa dawa za kinga (PEP) ndani ya saa 72 baada ya tukio la hatari, na kuzimeza kwa siku 28.