Muziki wa mashine: upi unafaa kusikilizwa, na unapatikanaje kwa simu?

Kila tunapopiga singeli hewani, ujumbe huanza kuingia kabla wimbo haujafika nusu. Wapo wanaoomba urudiwe. Wapo pia wanaotutaka tuzime hizo kelele za kompyuta, tuwarudishie magitaa na matarumbeta, muziki unaopigwa na watu. Hawa wa pili wengi wao ni wasikilizaji wetu wa miaka mingi, na malalamiko yao yana msingi. Muziki unaotengenezwa kwa mashine ni mwingi kupita kiasi, na sehemu kubwa yake ni kuigana. Prodyuza mmoja akipata biti iliyopendwa, wenzake wanaichukua, na baada ya mwezi kila kibanda cha kuingiza nyimbo sokoni kinapiga kitu kilekile.

Lakini kwenye rundo hilohilo mna nyimbo zinazostahili kukaliwa chini na kusikilizwa, na baadhi zimetengenezwa jirani kabisa na sisi. Tatizo ni kuzifikia. Mtu mwenye bando la mia tano hawezi kuonja nyimbo mia ili apate mbili.

Tuanze na mashine yenyewe. Ukipiga uzi wa gitaa, uzi unatetema, unasukuma hewa, na hewa inafika sikioni. Kwenye kinanda cha umeme cha aina inayoitwa sintesaiza hakuna uzi. Kinachotetema ni umeme. Ukitetema mara 440 kwa sekunde na kupelekwa kwenye spika, utasikia ile noti ya "la" ambayo walimu wa kwaya huitumia kuweka sauti sawa. Ukiongeza kasi ya mtetemo, sauti inapanda, ukiipunguza, inashuka. Kisha kuna vifundo vya kuichuja, na kazi yake ni kama ya mtu anayeimba huku ameziba mdomo kwa kiganja halafu anaufungua polepole: sauti huanza nzito na butu, kisha inang'aa. Mmarekani Robert Moog alionyesha mashine yake ya aina hiyo mwaka 1964, nayo ilikuwa limashine la nyaya na vifundo, haibebeki begani. Leo kazi ileile inafanywa na programu ndani ya kompyuta ndogo, hata ndani ya simu.

Kwa hiyo mashine haina sauti yake ya asili ambayo mtu anaifuata. Kila kitu ni lazima kiamuliwe na mtu: itetemeje, ichujweje, ianze ghafla au itambae. Ndiyo maana tunapendekeza swali moja la kupimia wimbo wa aina hii: mtu aliyekaa mbele ya mashine aliamua nini? Ukisikia kwamba hakuamua chochote, kwamba amebonyeza biti iliyokuja na programu akaimba juu yake, unaweza kuuacha bila majuto.

Mfano mzuri wa uamuzi ni wimbo uitwao "I Feel Love" wa mwaka 1977. Mwimbaji ni Donna Summer, Mmarekani, na uliandaliwa katika jiji la Munich, Ujerumani, na Mwitaliano Giorgio Moroder pamoja na Mwingereza Pete Bellotte. Nyimbo za disko za wakati ule zilikuwa na bendi kubwa, fidla na tarumbeta tele. Hao wakaamua kuziondoa zote. Kilichobaki ni sauti ya Donna Summer, besi ya mashine ya Moog inayojirudia bila kuchoka, na ngoma. Na hapa kuna jambo ambalo wanaosema "hapo hapigi mtu" wangelipenda: ngoma kubwa ya wimbo huo ilipigwa kwa mguu na mpiga dramu, Keith Forsey, kwa sababu Moog haikuweza kutoa pigo zito la kuridhisha. Muziki mwingi wa dansi wa miaka arobaini na zaidi iliyofuata umejengwa juu ya uamuzi wa watu wale wachache.

Wajapani nao, kampuni ya Roland, walitoa mwaka 1980 mashine ya ngoma iitwayo TR-808. Ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli, na wanamuziki wengi wenye fedha hawakuitaka. Mwaka 1983 ikaacha kutengenezwa baada ya kutoka takriban 12,000 tu. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba, bei ikashuka, na vijana wasio na uwezo wa kulipa mpiga dramu wakazinunua. Leo ile besi yake nzito inayovuma imo katika hip hop, katika Bongo Fleva, na katika nyimbo nyingi ambazo msomaji wetu anazo kwenye kadi ya simu yake bila kujua.

Sasa tuje Afrika, kwa sababu wengi wanadhani muziki huu ulifika kwetu juzi.

Katika mji wa Enugu, Nigeria, kulikuwa na mtu aitwaye William Onyeabor. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1985 alitoa albamu nane za funki iliyojaa sintesaiza, nyimbo ndefu zisizo na haraka, zenye kinanda kinachozungumza kama mtu mcheshi. Kisha akaokoka, akaacha muziki wa dunia, na kwa miaka mingi hakutaka kabisa kuuzungumzia. Santuri zake zikawa za kutafutwa kwa tochi. Mwaka 2013 lebo ya Marekani iitwayo Luaka Bop ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa upya, na watu wa mabara mengine wakazicheza kana kwamba zimetengenezwa wiki ile. Alifariki mwaka 2017. Mpaka mwisho hakupanda jukwaani.

Habari ya Hailu Mergia wa Ethiopia inafanana, ila mwisho wake ni mwingine. Alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa. Alienda Marekani na bendi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, akabaki huko. Mwaka 1985 alirekodi peke yake kanda moja: akodiani, sintesaiza na mashine ya ngoma, akipiga nyimbo za kwao alizozijua tangu utotoni. Kanda ikauzwa Ethiopia, kisha ikasahaulika. Mwenyewe akawa dereva wa teksi karibu na jiji la Washington, na aliweka kinanda kidogo kwenye buti ili apige anaposubiri abiria. Baadaye Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, aliikuta kanda ile ikiuzwa katika mji wa Bahir Dar. Akamtafuta mwenyewe, akaitoa upya mwaka 2013, na mzee akarudi jukwaani. Mwaka 2018 akatoa albamu mpya.

Tumezisimulia habari hizi mbili kwa sababu. Onyeabor alipatikana kwa kuwa jina lake liliandikwa kwenye jalada la santuri. Mergia alipatikana kwa kuwa jina lake liliandikwa kwenye kanda. Muziki wetu wa leo hausafiri hivyo. Unasafiri kwa kadi ya kumbukumbu na kwa WhatsApp, na kila unapohama unaweza kupoteza jina. Chukua kadi ya simu yako sasa uiangalie: ni nyimbo ngapi zimeandikwa "Track 07" au mlolongo wa tarakimu? Aliyetengeneza wimbo huo hatapatikana na mtu yeyote mwaka 2050, awe na kipaji namna gani.

Tuvuke mpaka wa Uganda kidogo. Kaskazini, mjini Gulu, Waacholi wana ngoma ya arusi na uchumba iitwayo larakaraka, ngoma ya vibuyu na nyimbo za kujibizana. Kukodi kundi zima la ngoma kwa arusi moja ni gharama, na baada ya miaka mingi ya vita watu hawakuwa na fedha. Waimbaji wakaanza kwenda studio na kuimba nyimbo zilezile juu ya ngoma zilizotengenezwa kwa kompyuta. Otim Alpha ni mmoja wao, akisaidiana na prodyuza Leo PaLayeng. Albamu yao "Gulu City Anthems" ilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, mwaka 2017. Ukiisikiliza utaona kuwa mwendo ule mkali haukutoka kwenye kompyuta. Ni wa larakaraka yenyewe; kompyuta ilikodiwa tu badala ya kundi.

Na singeli? Wanaoiita kelele tunawaomba wasikilize kwanza ilikotoka. Uswahilini Dar es Salaam kulikuwa na mchiriku, muziki wenye asili katika ngoma za Wazaramo, uliopigwa kwa ngoma pamoja na vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, vikipitishwa kwenye vipaza sauti vibovu mpaka vikwaruze. Kundi la Jagwa Music limeupiga tangu miaka ya 1990. Baadaye vijana wa Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa ya jirani wakachukua vipande vya taarabu, sehemu zile za ala ambazo mwimbaji amenyamaza, wakavirudiarudia kwa programu ya kompyuta na kuviongeza kasi kwa ajili ya sherehe za usiku za mtaani, vigodoro. Wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva una midundo takriban 100 kwa dakika. Singeli hukimbia 200, na nyingine hufika 300. Msaga Sumu anaimba juu ya kasi hiyo bila kumeza silabi, na hilo peke yake ni kazi.

Vigodoro vimepigwa marufuku na viongozi kwa nyakati tofauti, na yapo mashairi ya singeli ambayo sisi wenyewe hatuyapigi mchana. Hilo ni suala la maneno. Upande wa ala ni mwingine: mwaka 2017 lebo ileile ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, "Sounds of Sisso", na tangu hapo maprodyuza kama Sisso, Duke, Jay Mitta na Bamba Pana wametoa albamu zao, na baadhi yao wamepiga kwenye matamasha ya Ulaya. Huko hawaelewi neno hata moja. Wanakwenda kusikiliza alichofanya mtu mbele ya kompyuta. Kwa maoni yetu, aliyekulia kwenye taarabu ana nafasi nzuri kuliko Mzungu yeyote ya kufurahia kazi hizi, kwa kuwa anaweza kutambua kinanda cha taarabu kikipita mbio kama basi lililokosa abiria.

Kabla hujahukumu, hata hivyo, angalia unasikilizia nini. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde inahitaji kusukuma hewa nyingi, na kitu cha ukubwa huo hakiwezi. Kwa hiyo nusu ya wimbo wa mashine, ile nusu inayofanya watu wainuke, haifiki kwako kabisa. Zinabaki filimbi na mikwaruzo ya juu. Kuiweka simu ndani ya sufuria au kikombe huongeza ukubwa wa sauti lakini hakurudishi besi. Vaa vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo, au unganisha simu na sabufa ya nyumbani kwa waya. Wengi walioukataa muziki huu waliusikia kwa spika ya simu ya jirani.

Bando nalo lina hesabu yake. Wimbo wa sauti peke yake wa ubora wa kawaida hula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4. Video yake hula mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo kama lengo ni kusikiliza, tafuta sauti tupu, au shusha ubora wa video hadi wa chini kabisa. Kilicho muhimu zaidi ni kujua unatafuta nini. Waimbaji wengi hutumia biti za watu tofauti, hivyo kufuata jina la mwimbaji hukupeleka huku na huku. Fuata prodyuza. Mwanzoni mwa nyimbo nyingi za kwetu husikika sauti fupi inayotaja studio au mtengenezaji. Wengi huidhani ni tangazo, kumbe ndiyo sahihi yake. Wimbo ukikugusa, ishike sahihi hiyo, uitafute, na utakutana na kazi nyingine za mkono uleule.

Na unapompa mwenzako wimbo, badilisha jina la faili kwanza. Andika mwimbaji, prodyuza na mji. Kwa simu nyingi unabonyeza faili kwa muda, unachagua kubadili jina, unaandika. Haichukui dakika, wala haili bando.

Anayetaka kuanza leo na MB 30 aanze na "I Feel Love", ile ya albamu yenye dakika karibu 6, afuate na wimbo mmoja wa Hailu Mergia wa mwaka 1985, kisha mmoja wa Otim Alpha. Singeli aiweke mwisho, masikio yakiwa yameshazoea, na asikilize wimbo huohuo mara mbili: mara ya kwanza afuate ngoma, mara ya pili atafute kile kipande cha taarabu.