Jubilei ya Katesh na maua ya plastiki

Mavuno yakishaingia ghalani, Katesh huwa mji wa sherehe. Kuna komunyo na kipaimara, kuna harusi, na miaka hii zimeongezeka jubilei za ndoa: miaka 25 ya fedha na 50 ya dhahabu. Wanandoa husimama tena mbele ya padri au mchungaji na kurudia ahadi zao huku wajukuu wakishangilia, kisha msafara huelekea nyumbani au ukumbini kwenye ndafu, keki na foleni ya zawadi. Blanketi, kitenge, mbuzi, kwa waliojaliwa hata mtamba. Kila kilicholetwa kimetoka kwenye jasho la mtu. Isipokuwa maua. Mezani mbele ya wanajubilei panapangwa maua ya plastiki, yaleyale yaliyotumika sherehe ya wiki iliyopita, vumbi likiwa limekaa kwenye mikunjo.

Nimeliona hilo mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu tunaishi chini ya Mlima Hanang, kwenye udongo unaootesha karibu kila kitu.

Ulaya na Marekani kuna orodha inayopangia kila mwaka wa ndoa ua lake. Si ya kale kama wengi wanavyodhani. Mwanamke Mwingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliyeishi Istanbul mwaka 1717 na 1718, aliandika kwao juu ya desturi ya huko ya kutumiana ujumbe kwa maua na vitu vidogo. Mwaka 1819 kikatoka Paris kitabu cha Charlotte de Latour kilicholipatia kila ua maana yake, na karne nzima ikakolea mchezo huo. Kisha wafanyabiashara wakaingia: mwaka 1937 chama cha wauza vito cha Marekani kilitoa orodha ndefu ya zawadi za kumbukumbu za ndoa, na wauza maua nao wana ya kwao. Humo mwaka wa kwanza ni mkarnesheni, wa kumi na tano ni waridi, wa hamsini ni waridi la njano pamoja na urujuani.

Mwaka wa tatu ni alizeti.

Hapo ndipo mtu wa Hanang anapaswa kusimama kidogo. Alizeti kwetu huhesabiwa kwa magunia, kwa madumu ya mafuta na kwa mashudu ya ng'ombe. Hakuna anayemkatia mkewe alizeti. Lakini wazungu wanaiweka kwenye mwaka wa tatu kama ishara ya uaminifu, kwa kuwa ua lake likiwa changa hugeuka na jua kutoka mashariki hadi magharibi, na likikomaa hutulia likitazama mashariki. Lisogelee shambani asubuhi, nyuki wanapolishughulikia. Kile unachokiita ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyobanana kwenye sahani. Hayachanui kwa pamoja: huanza ya pembezoni, duara kwa duara, hadi katikati, siku kadhaa mfululizo. Yale majani ya njano ya ukingoni, ambayo ndiyo sifa yake yote, hayazai hata punje moja. Kazi yake ni kuwaita nyuki ili wenzake wazae. Sijui ua lingine linaloieleza ndoa ya miaka mitatu, yenye mtoto mgongoni na shamba la kupalilia, vizuri kuliko hilo.

Na alizeti asili yake ni Amerika. Yapo mengine katika orodha hiyo yaliyotoka Afrika kabisa. Gladiola, ua la mwaka wa arobaini, limezalishwa na wakulima wa Ulaya kutokana na magladiola ya mwituni ya Afrika, mojawapo likiwa la aina inayoota kwenye nyasi za nyanda za juu za Tanzania na kutoa maua ya rangi ya chungwa. Nje ya orodha, kile kinachouzwa duniani kwa jina la urujuani wa Afrika, kwenye vyungu vidogo vya madirishani, kilichukuliwa Tanga na Usambara mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mbegu kwa baba yake. Huko kwao msituni kinazidi kuwa adimu kadiri miti inavyokatwa. Mawaridi nayo yamewahi kukatwa Usa River, chini ya kilomita 300 kutoka Katesh, na kupandishwa ndege kwenda Ulaya.

Pwani hawakuhitaji orodha. Unguja, Mombasa na Lamu ua hunuswa kwanza. Asumini, rehani, mkadi, langilangi na waridi hufungwa pamoja kuwa kikuba, mke akakipachika kwenye nywele au kifuani jioni, na asumini zikatandazwa kitandani. Hakuna anayengoja mwaka wa kumi na tano. Huko mapenzi hukumbukwa siku yoyote.

Kwetu bara la kaskazini alama kubwa haikuwa ua hata kidogo, ilikuwa jani bichi. Mchaga akitaka kuomba msamaha hushika jani la isale, na ukishaletewa isale ni vigumu kukataa. Mmasai hushika majani mabichi kuonyesha amani. Kwa Wabarbaig nako si ua: hadhi ya mke huonekana kwenye hanang'wenda, vazi la ngozi lenye nyuzi nyingi zinazoning'inia na shanga zilizoshonwa kwa subira. Nawaza mara nyingi kwamba jubilei ya miaka 50 iliyopambwa kwa isale na majani mabichi ingekuwa na uzito kuliko riboni zote za ukumbini. Hao wawili wamesameheana mara ngapi hadi kufika hapo?

Wapo pia wanaoikumbuka ndoa wakiwa peke yao. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka mlimani yalishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kwa mjane wa siku ile tarehe ya harusi haijafutika. Kumpelekea shada la maua hai siku hiyo, au kwenda naye kaburini, ni jambo ambalo jumuiya ndogondogo zinaweza kulifanya bila kikao wala mchango mkubwa.

Kwa kamati za jubilei, hesabu ni nyepesi. Alizeti huchanua miezi miwili na kitu baada ya kupandwa. Sherehe ikiwa Septemba, pandeni mistari michache mwishoni mwa Juni karibu na bomba au kisima, na kwa kuwa ni kiangazi, mwagilieni. Kateni alfajiri, kabla jua halijawa kali, na mtie mabua kwenye ndoo ya maji papo hapo. Mwenye waridi uani atoe vijiti. Waridi hushika kwa kijiti, na mwaka unaofuata wanajubilei watakuwa na mche wao. Fedha iliyokuwa ya kukodi mapambo nunueni nayo miche ya miti, mkaipande upande wa mlimani kwa jina la wanandoa hao. Plastiki mwachieni mwenye ukumbi.